Mapigo ya Bomba la Joto

Tarehe kumi na mbili Novemba, saa mbili asubuhi, kipimajoto kilichotundikwa chumbani kwa Jiayin kilionyesha nyuzi kumi na tatu. Jiayin alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili mazito, kofia ya sufu kichwani, soksi mbili kila mguu, na binti yake Guoguo kifuani, amefungwa nguo juu ya nguo mpaka ikabaki pua. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi ya gundi pande zote nne, maana mzazi hapigwi upepo. Baridi ikimwingia kwenye maungio katika mwezi wa uzazi, itakaa naye mpaka kaburini. Jambo hilo mji mzima wa Shenyang unalijua. Hata kampuni ya joto, inayosambaza maji ya moto ya kupashia nyumba, inalijua, kwa sababu wafanyakazi wake nao walizaliwa na mama zao.

Mama yake Jiayin, Daktari Mu Shuqin, aliweka bakuli la uji wa mtama na sukari guru kando ya kitanda, akainama kugusa rejeta, chuma cha maji ya moto cha kupashia chumba, iliyofungwa chini ya dirisha. Juu ilikuwa vuguvugu, chini baridi kabisa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza katika idara ya tiba ya sindano ya hospitali moja ya wilaya, kwa hiyo mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Kutoka kwenye rejeta ulihamia kwenye bomba la wima linalopanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya sita, ukalaza vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, na ukakuta mapigo.

"Membamba," alisema. "Tena yamekaza."

"Ya nani?" aliuliza Jiayin.

"Ya bomba."

"Mh. Mama, uji unapoa."

Daktari Mu aliyasikiliza dakika nzima, kama inavyotakiwa, kisha akaenda kuyapima jikoni na sebuleni. Yalikuwa yaleyale. Mapigo ya namna ile alikuwa ameyakuta mara nyingi kwa watu ambao kichwa kimepoa na miguu inawaka, yaani juu upungufu, chini ziada. Nguvu ya uhai haipotei hivihivi. Ikikosekana mahali, kuna mahali imerundikana. Wenyeji wa kazi hiyo wana msemo wao, nao ndio aliowafundisha wanafunzi wote waliopita mikononi mwake: panapopitika hapaumi, panapouma hapapitiki.

Na kwa kweli hakuhitaji mapigo kujua ziada iko wapi. Iko ghorofa ya pili, kwa Gu Changfa. Ngazi nzima, yaani nyumba zote zinazopanda kwa ngazi ile, ilikuwa inajua. Kiangazi kilichopita watu walimwona akipandisha vipande vya rejeta kwa mkokoteni, kumi na kimoja, wakati kila nyumba ina vinne. Pampu aliyofunga bafuni kwake ilisikika ikinguruma hadi ghorofa ya nne, na ngurumo yenyewe ilianza tarehe mosi Novemba, siku ileile moto wa mji ulipowashwa. Maji ya moto yalipanda kutoka chini, yakafika kwake, yakavutwa, yakazunguka nyumbani kwake mpaka yakachoka, na ndipo wengine wakaletewa makombo. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wahenga hawakuwahi kukaa ghorofa ya sita kwenye bomba moja na Gu Changfa.

Daktari Mu alikwisha kuipigia kampuni ya joto mara saba. Mara sita sauti ya mwanamke mpole ilimwambia abonyeze namba, akabonyeza, ikamwambia abonyeze nyingine. Mara ya saba alipata mtu, na mtu huyo akamtuma fundi wa kupima, kijana wa miaka thelathini hivi jina lake Kang, mwenye kipimajoto cha miguu mitatu. Kang alikisimamisha katikati ya chumba, mita moja na nusu kutoka sakafuni, akafunga mlango, akangoja dakika kumi bila kumtazama mzazi.

"Kumi na tatu nukta nne," alisema. "Kiwango ni kumi na nane. Mna haki ya kulalamika."

"Ninalalamika," alisema Daktari Mu.

"Vizuri. Lakini nimepima pia pale mlangoni chini, bibi. Joto linaloingia jengoni linatosha. Kwa hiyo tatizo ni la ndani. Na la ndani ni la wakazi. Na la wakazi anashughulikia kiongozi wenu wa ngazi."

"Kiongozi wetu wa ngazi ni Gu Changfa."

"Basi mwoneni."

"Gu Changfa ndiye tatizo."

Kang alikunja miguu mitatu ya kipimajoto chake, mmoja baada ya mwingine. "Hilo sasa, bibi, ni la ndani kabisa," alisema, akamwomba saini.

Ndivyo ilivyo, kesi ya ngedere kapelekewa nyani, na nyani ana stakabadhi. Gu alichaguliwa kiongozi wa ngazi miaka saba nyuma kwa sababu siku ya mkutano hakuna mwingine aliyetaka. Zamani alikuwa msimamizi wa tanuri la maji ya moto kiwandani, na shemeji yake yumo katika kampuni ya joto. Isitoshe, ufunguo wa chumba cha koki za maji unakaa mfukoni mwake. Watu waliokutana naye ngazini walimsalimia, wakaulizia afya yake, wakapanda zao kuvaa makoti ndani ya nyumba.

Mchana ule Daktari Mu alimwita Dada Bai wa ghorofa ya tano amshikie taa. Dada Bai alikuwa mjane, mwembamba, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Daktari Mu alifuta bomba kwa pamba yenye spiriti, akapapasa na kidole gumba mpaka akakuta kibonde kidogo, juu kidogo ya sakafu, akachukua sindano ndefu.

"Utaivunja," alisema Dada Bai.

"Sijavunja sindano tangu mwaka wa themanini na tatu."

Chuma kiliipokea. Kilikaza kidogo, kama ngozi ya mtu mwenye hofu, kisha kikalegea. Daktari Mu aliizungusha kwa vidole viwili, akaingiza, akatoa, akangoja. Kile anachokingoja mchoma sindano ni kidogo sana. Sindano inashikwa kwa ndani, kama samaki anapodonoa chambo. Ilishikwa.

"Imefika," alisema.

"Nimeisikia," alisema Dada Bai, akishika shavu la mguu wake wa kushoto. "Ganzi, kisha uzito, kisha kama inavimba. Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Mzee Hou wa ghorofa ya nne alipanda akichechemea, akiwa na vijiti vya kulia mkononi, kuuliza nani anachomwa. Akaambiwa ni bomba. Mzee Hou akafikiri kidogo. "Basi choma taratibu, Daktari, ninakula," alisema, akashuka.

Rejeta zilikoroma, zikatapika hewa, zikaanza kupata moto hadi chini. Daktari Mu alitia sindano nyingine kwa Dada Bai na nyingine kwa Mzee Hou, na kila moja akaitundikia kichwani kipande cha msokoto wa pakanga kinachoungua polepole, kama anavyofanyiwa mgonjwa mwenye upungufu wa muda mrefu. Kufikia saa tisa chumba cha Jiayin kilikuwa na nyuzi kumi na sita, na Guoguo alitolewa nguo moja. Saa kumi pampu ya ghorofa ya pili ilibadili mlio, maana Gu alikuwa ameiongeza kasi. Saa kumi na moja kipimajoto kilirudi kumi na tatu, na mtoto akavikwa ile nguo yake.

"Kulisha tu bila kupunguza ni kujaza mtungi uliotoboka," alisema Daktari Mu. "Lazima nichome kwake."

"Nenda," alisema Dada Bai. "Mimi nikienda nitamchoma yeye."

Kesho yake asubuhi Daktari Mu aligonga ghorofa ya pili. Gu Changfa alifungua akiwa na fulana ya mikono mifupi, kandambili, na bilauri ya bia baridi. Joto lilitoka mlangoni kama linavyotoka kwenye tanuri la mkate. Nyuma yake, sebuleni, palikuwa na mgomba mzima ndani ya pipa, majani yamegusa dari, na mkungu ulianza kuinama. Mkewe alikuwa akiupepea kwa gazeti.

"Daktari Mu! Karibu, karibu. Bibi mpya huyo! Mzazi hajambo?"

"Ana baridi, Mzee Gu. Nyumba ina nyuzi kumi na tatu."

"Usiniambie. Hata kwetu mwaka huu joto ni la kubahatisha. Juzi nimevaa sweta."

"Nimekuja kuomba kitu kimoja. Nichome sindano moja kwenye bomba lako, hapo bafuni. Nusu saa tu. Haimwagi maji."

Gu alitabasamu kwa upole mkubwa. "Dada'angu, mimi kama Gu sina neno. Lakini mimi ni kiongozi wa ngazi. Bomba ni mali ya wote. Mtu hawezi kuamka tu akachoma mali ya wote. Leta karatasi yenye saini za nyumba zote kumi na mbili, nitaitisha kikao."

"Nikileta saini kumi na moja?"

"Ya kumi na mbili itabidi ifikiriwe," alisema Gu.

Aliahidi kulifikiria baada ya mwaka mpya. Mtoto wa siku kumi angoje mwaka mpya! Daktari Mu alipanda ngazi akihesabu vidato ili asiseme kitu ambacho kingemwaibisha, na alipofika kwa Dada Bai alikisema, na Dada Bai akamwongezea vingine viwili.

Jioni ile Guoguo alikataa ziwa. Alilia kidogo, kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukumpendeza mtu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu pembeni. Jiayin alilalamika kwamba viganja vya mikono vimeanza kumuuma kwa ndani, kwenye mifupa. Mumewe alikuwa melini, na kwenye simu kazi yake ilikuwa kuuliza kama wamepiga simu kwa kampuni ya joto.

Kuna njia ambayo mwalimu wa Daktari Mu alimwonyesha mara moja tu, kisha akamwambia asiitumie. Mgonjwa aliyeishiwa kabisa anaweza kukopeshwa nguvu ya uhai na yule anayemchoma. Mwalimu mwenyewe aliitumia kwa ndugu yake, na tangu hapo mpaka kufa kwake alilala na mikono ndani ya soksi. Daktari Mu alilikumbuka hilo vizuri. Alitia sindano moja kwenye bomba na ya pili katikati ya kiganja chake cha kulia, akalishika bomba kwa mkono wa kushoto, akaketi kwenye kigoda, akafumba macho nusu saa.

Saa mbili kasoro robo chumba kilikuwa na nyuzi ishirini. Guoguo alinyonya. Jiayin alivua kofia, akasema viganja vimelegea, akalala. Daktari Mu alinyanyuka kwenda kumgusa mtoto shavu, na mtoto akaruka mzima mzima, akapiga ukelele.

"Mama, mikono yako!" alisema Jiayin.

Daktari Mu aliitazama. Ilikuwa mikono ileile, ila nyeupe, na kucha zimepauka. Alishika kikombe cha chai ili aipashe, na juu ya chai pakatanda ngozi nyembamba ya barafu. Aliivunja kwa kijiko, akainywa hivyohivyo.

Tangu siku hiyo alikaa kwenye kigoda nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Ghorofa ya tano na ya nne nazo zilipata joto, kwa kuwa bomba ni moja. Mzee Hou alianza kutembea nyumbani kwake bila koti na akamtumia Daktari Mu maandazi ya mvuke kumi. Pampu ya Gu iliendelea kuvuta. Kadiri ilivyovuta ndivyo Daktari Mu alivyokopesha. Alifua kwa glavu, akapika kwa glavu, na kuku aliyemkatakata kwa ajili ya supu ya mzazi aliganda kabla hajaingia sufuriani. Jambo moja tu hakuliweza. Hakuweza kumpakata mjukuu wake. Walijaribu kwa taulo, kwa glavu mbili, kwa mto katikati. Mtoto alihisi na akalia mpaka akakauka. Mjukuu wa kwanza, na pengine wa mwisho, alilala hatua nne kutoka kwake, naye bibi akimwangalia kupitia mlango ulioachwa wazi.

Kang alirudi tarehe ishirini. Alisimamisha miguu mitatu, akangoja dakika kumi.

"Ishirini nukta moja," alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi. "Limetatuliwa."

"Halijatatuliwa. Bomba nalipasha mimi." Daktari Mu alimwonyesha sindano ya bomba, akamwonyesha na ile anayoichoma kiganjani.

Kang aliziangalia zote mbili kwa makini, akaandika. "Hizi zikae mpaka tarehe thelathini na moja Machi, moto utakapozimwa. Msizitoe bila kutujulisha. Nitaziweka kwenye mchoro wa jengo kama vifaa vya ziada."

"Na pampu ya ghorofa ya pili?"

"Umeiona?"

"Naisikia. Hata wewe unaisikia sasa hivi."

"Kusikia hakuandikwi, bibi. Anayetaka kuiona lazima aruhusiwe na mwenye nyumba. Na lalamiko likishafika kiwango, halina tena wa kulifuatilia." Akampa kalamu. "Weka alama kwenye 'nimeridhika sana'. Ukiweka 'nimeridhika' tu, wananikata mshahara."

Aliweka alama. Kijana alikuwa na mtoto pia, alisema, na mke wake yumo ndani ya mwezi wa uzazi.

Wiki iliyofuata Gu Changfa alitundika mlangoni, chini, bendera ya mahameli nyekundu yenye maandishi ya dhahabu na nyuzi za njano pembeni, kama zile wanazopewa madaktari na wagonjwa waliopona. Hii iliishukuru kampuni ya joto kwa kuleta makaa wakati wa theluji, kama usemavyo msemo, na chini yake jina la kiongozi wa ngazi kwa niaba ya wakazi wote. Shemeji yake alikuja kupiga picha. Dada Bai alisimama mbele ya bendera ile na mfuko wake wa kabichi.

"Wakazi wote ni nani?" aliuliza. "Mimi nimemshukuru nani? Niliamka saa ngapi nikashukuru?"

"Taratibu, dada, wageni wapo," alisema Gu.

"Wageni wapande juu wakamshike mkono Daktari Mu. Nendeni mkamsalimie kwa mkono!"

Hawakupanda. Walikuwa na ngazi nyingine mbili za kupiga picha.

Tarehe tatu Desemba Guoguo alitimiza mwezi. Jiayin alioga mwili mzima kwa mara ya kwanza, akafungua dirisha kidogo, akafunga. Maungio yake hayakuuma hata moja. Walichemsha mayai sitini, wakayapaka rangi nyekundu, na desturi ni kwamba bibi ndiye anayeyapeleka kwa majirani. Nyumba zote, pamoja na ghorofa ya pili, maana kumruka mtu siku ya mwezi wa mtoto ni kumtakia mtoto mabaya. Daktari Mu alivaa glavu, akabeba kapu. Yai alilompa Mzee Hou ilibidi alichemshe upya.

Gu alifungua akiwa na fulana. "Aa, mwezi umetimia! Hongera, hongera!" Alipokea mayai manne, akayahamisha haraka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Ya baridi haya. Ingia basi, funga mlango, joto linatoka."

Daktari Mu aliingia, akafunga mlango. Alisimama kwenye joto lile na mwili wake ukaanza kutetemeka kuanzia magotini, kwa kuwa kwa majuma matatu haukuwahi kupata nafasi. Rejeta ilikuwa pale pale ukumbini, vipande kumi na kimoja. Alivua glavu.

"Mzee Gu, naomba nipashe mikono kidogo."

"Pasha, pasha! Ujirani ni nini?" Gu alimwangalia akiegemeza viganja kwenye chuma. "Kwa umri wetu lazima ujitunze, Daktari. Nyinyi mnaotibu watu mnajisahau. Mikono baridi ni figo hiyo. Unakunywa maji ya moto?"

"Nakunywa."

"Ongeza."

Kucha zilirudisha rangi, moja baada ya nyingine. Kisha vidole, kisha viganja. Daktari Mu alishukuru, akatoka, akapachika mikono kwapani, akapanda ghorofa nne bila kupumzika. Alifika akihema, akanyoosha mikono. Jiayin alimwelewa na kumkabidhi mtoto. Guoguo aliguna, akamtazama kidevuni, akatulia. Ilidumu dakika nne na nusu. Ya tano ilipoanza mtoto alikunja uso, na Daktari Mu akamrudisha mwenyewe kabla hajalia.

Tangu hapo alishuka kila siku. Siku ya kwanza alikuwa na sababu ya kurudisha sahani. Ya pili alipeleka kabichi ya siki. Ya tatu hakubeba kitu, na Gu hakuuliza, maana alikwisha kuwaambia watu wote ngazini kwamba kama si yeye na joto lake, Daktari Mu asingeuona mwaka mpya. Watu walisema ni kweli, ni wema. Kisha wakapanda zao.

Katikati ya Desemba, siku ya theluji kubwa, Gu alimkuta ameegemea rejeta, akakohoa kidogo, kama mtu mwenye neno gumu.

"Daktari, mlango wangu hauna kufuli kwako, unajua. Ila siku hizi usizidi dakika tano. Na mimi naona joto langu limepungua. Jana usiku nimejifunika shuka." Alipunguza sauti, akaonyesha dari kwa kidole. "Kuna mtu huko juu analivuta. Sitaki kumtaja mtu. Lakini nitamgundua."

"Pole, Mzee Gu," alisema Daktari Mu.

Alipachika mikono kwapani, akapanda. Ghorofa ya sita Jiayin alikuwa amekwisha kufungua mlango, amesimama kizingitini na mtoto mikononi, kwa sababu hapakuwa na muda wa kuvua viatu.